Maswali ya Wasomaji: Namba Zinazotoka Kwenye Kipimo cha MRI

Barua nne kati ya zilizofika mwezi huu zinahusu jambo moja. Wasomaji wamezoea kupewa majibu ya MRI kwa maneno, kwamba kuna uvimbe au hakuna, na sasa wanaanza kukutana na majibu yenye tarakimu. Nimezijibu pamoja kwa kuwa barua ya kwanza inasaidia kuzielewa tatu zinazoifuata.

Shikamoo Daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 14 na ana seli mundu. Akiwa na miaka 9 alipata kiharusi, na tangu hapo anaongezewa damu kila mwezi. Daktari wake anasema ferritini imepanda mno, ameandika akapigwe MRI ya ini na moyo ili wahesabu chuma. Mwaka ule wa kiharusi alipigwa MRI ya kichwa, majibu yakawa maneno matupu bila namba hata moja. Mashine ya picha inahesabuje chuma? Kipimo cha damu hakitoshi? Na majirani wananisisitiza nimwachishe mchicha. — Mama, Mbagala

Marahaba, mama, na pole kwa miaka yote hiyo ya kuuguza. Nianze na mchicha ili tuuweke pembeni. Mwili wa mtu mzima mwenye afya una gramu 3 hadi 4 za madini ya chuma kwa jumla, na haukuumbiwa njia ya kutoa ziada: kila siku hupoteza miligramu 1 au 2 tu, na hufyonza kiasi kama hicho kutoka kwenye chakula. Chupa moja ya damu, kwa upande wake, huingiza miligramu 200 hadi 250 kwa mkupuo. Mtoto anayepewa chupa moja kila mwezi anaingiziwa kati ya gramu 2.4 na 3 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia chuma chote anachobeba mtu mzima. Mchicha hauna hatia katika kesi hii.

Wala damu yenyewe usiione adui. Mtoto wa seli mundu aliyekwisha kupata kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kupata kingine, na kuongezewa damu kwa ratiba, kwa lengo la kushusha hemoglobini ya seli mundu chini ya asilimia 30, ndiyo kinga yake. Usisimamishe ratiba hiyo kwa hofu ya chuma. Kazi iliyopo ni kujua chuma kimefika wapi na kimekuwa kingi kiasi gani, kisha kukitoa kwa dawa.

Ferritini, protini inayohifadhi chuma na inayopimwa kwenye damu, ni kipimo kizuri na cha bei nafuu, lakini ina tabia moja inayowapotosha wengi: hupanda pia mwili unapokuwa na maambukizi au uvimbe wa ndani. Kijana wako akipimwa wiki moja baada ya maumivu makali ya mifupa au homa ya mapafu, ferritini inaweza kuruka juu ilhali chuma hakijaongezeka. Tena haisemi chuma kimekaa kwenye ini au kwenye moyo. Njia ya zamani ya kupata jibu la uhakika ilikuwa kuchoma sindano na kuchukua kinyama cha ini, na kinyama hicho huwa ni takriban sehemu moja ya 50,000 ya ini zima. Chuma hakitandazwi sawasawa kama rangi ukutani, hivyo hata sindano ya fundi hodari inaweza kuangukia mahali penye kingi au penye kidogo. Kwenye moyo sindano ya namna hiyo ni hatari zaidi na haifai kurudiwarudiwa.

Sasa mashine. MRI husikiliza mwitikio wa hidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili, ikiwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Fikiria upatu unaopigwa ngomani: ukiugonga ukiwa huru, sauti yake hudumu, ukiugusa kwa kiganja, sauti hufa mara moja. Chuma ndicho kiganja hicho. Kila chembe yake ni kama sumaku ndogo inayovuruga hidrojeni iliyo jirani, na kadiri kinavyokuwa kingi ndivyo mwitikio unavyozimika upesi. Picha ya kawaida, kama ile ya kichwa aliyopigwa mwanao, husikiliza mwitikio kwa wakati uliochaguliwa, kisha daktari hulinganisha weupe na weusi wa sehemu mbalimbali kwa macho. Kipimo cha namba husikiliza mara nyingi mfululizo, mathalani mara 8 au 12 ndani ya milisekunde 20 hivi, kisha kompyuta huchora mstari wa jinsi sauti ilivyofifia na kukokotoa muda wa kufifia kwake. Muda huo unaitwa T2 nyota, na ukiugeuza kuwa kasi ya kufifia unaitwa R2 nyota. Tafiti zilizolinganisha kasi hiyo na vinyama vya ini ndizo zilizotuwezesha kuibadilisha kuwa miligramu za chuma.

Utakapopokea majibu, tazama sehemu mbili, na uwe makini kwa sababu zinasomwa kwa mwelekeo unaopingana. Kwenye ini namba huandikwa kwa miligramu za chuma katika kila gramu ya ini kavu, na namba kubwa ni mbaya: ini la kawaida halizidi 1.8 hivi, kuanzia 7 madaktari huanza kuwa na wasiwasi wa kweli, na zaidi ya 15 ni mzigo mzito. Kwenye moyo huandikwa milisekunde za T2 nyota, na hapo namba kubwa ndiyo nzuri: zaidi ya 20 ni salama, kati ya 10 na 20 chuma kimeshaingia, na chini ya 10 moyo uko katika hatari ya kushindwa kazi hata kama kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, bado kinaonyesha unasukuma damu vizuri. Nimewahi kumwona mzazi akishangilia milisekunde 9 kwa kuwa alidhani kidogo ni heri. Sikuwa na moyo wa kumkatiza upesi, nikangoja amalize kumpigia simu mumewe.

Mipaka hiyo ya moyo ilitokana hasa na wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu ya kurithi. Kazi iliyoiweka bayana ilichapishwa na madaktari wa London mwaka 2001. Kabla ya hapo vijana wengi wa thalasemia walikuwa wakifa kwa chuma cha moyo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa kipimo chochote, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua sana nchini Uingereza, kipimo kikisaidiana na dawa bora zaidi. Kwa wenye seli mundu, habari njema ni kwamba chuma huchelewa kuingia moyoni na mara nyingi hakiingii kabisa. Ini ndilo hubeba mzigo. Hata hivyo baada ya miaka mitano ya damu ya kila mwezi, daktari wenu ana haki ya kutaka kuuona moyo pia.

Kuhusu siku yenyewe: hakuna mionzi, na kwa kupima chuma hakuna haja ya sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Kuna kelele, na kuna kuzuia pumzi kwa sekunde 10 hadi 20 mara kadhaa, jambo ambalo kijana anaweza kulifanyia mazoezi nyumbani huku ukihesabu saa. Kama ana chuma chochote mwilini kilichowekwa hospitali, mseme mapema. Jambo la mwisho ndilo linaloumiza mifuko ya watu: kuwa na mashine ya MRI si sawa na kuwa na programu ya kupima T2 nyota pamoja na mtu aliyefundishwa kuisoma. Kabla ya kulipa, uliza kwa maneno haya: "Mnapima T2 nyota ya ini na ya moyo, na mnaandika namba?" Wakikujibu kwamba watapiga picha ya tumbo na kuangalia, ahirisha malipo na urudi kwa daktari wenu akuelekeze kwingine. Nakala ya majibu ihifadhi, kwa maana kipimo kama hiki hurudiwa takriban kila mwaka, na dozi ya dawa ya kutoa chuma, iwe deferasiroksi ya kumeza au deferoksamini ya kuchomwa, hupandishwa au kushushwa kwa kulinganisha namba ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa teknolojia ya mionzi. Kwenye mafunzo kwa vitendo niliona mgonjwa aliyepimwa T1 ya misuli ya moyo katika vituo viwili ndani ya wiki moja. Kimoja kiliandika milisekunde 985, kingine 1,190. Tulipouliza, tuliambiwa "ni mashine tofauti" na mazungumzo yakaishia hapo. Je, kituo kimojawapo kilikosea? — Mwanafunzi, Kigamboni

Aliyewajibu hakukosea, ila alikata hadithi kabla haijanoga. Nadhani kituo cha kwanza kina sumaku ya Tesla 1.5 na cha pili ya Tesla 3, Tesla ikiwa kizio cha nguvu ya sumaku. T1, yaani muda ambao hidrojeni hutumia kurudi kwenye utulivu wake baada ya kuchokozwa na mashine, si sifa ya nyama peke yake, ni sifa ya nyama ikiwa ndani ya sumaku fulani, na sumaku ikiongezewa nguvu T1 hurefuka. Misuli ya moyo isiyo na ugonjwa hukaribia milisekunde 1,000 kwenye Tesla 1.5, na huwa karibu na 1,200 kwenye Tesla 3. Kwa hiyo huenda vituo vyote viwili viliripoti moyo mmoja, mzima. Hata kwenye sumaku zenye nguvu sawa, mbinu ya kupimia hubadilisha namba, ndiyo maana kituo kinachotaka kuripoti T1 kinapaswa kwanza kupima watu wazima wa afya kadhaa kwa mashine yake na kuweka wigo wake wenyewe, badala ya kuazima wigo wa Ulaya kutoka kwenye makala.

Chuma kina hila yake hapa. Kwenye Tesla 3 kasi ya kufifia kwa sababu ya chuma hukaribia kuwa mara mbili ya ile ya Tesla 1.5, kwa hiyo ini lenye chuma kingi sana huzimika kabla mashine haijawahi hata kusikiliza mara ya kwanza. Mgonjwa kama kijana wa Mbagala hapo juu hupimwa vizuri zaidi kwenye mashine "ndogo" ya Tesla 1.5. Ukisikia mtu akijisifu kwamba Tesla 3 ni bora kwa kila kitu, muulize kuhusu hilo.

Historia ya fani yenu inafundisha jambo hili tangu mwanzo. Mwaka 1971 Raymond Damadian wa Marekani alichapisha kwamba vivimbe vya saratani vya panya vina T1 na T2 (muda wa mwitikio kufifia, ndugu wa T2 nyota) ndefu kuliko nyama za kawaida. Wakati huo hapakuwa na picha. Palikuwa na namba tu, na matumaini yalikuwa kwamba namba itatenganisha saratani na afya. Haikuwezekana, kwa sababu nyama yoyote iliyojaa maji, hata kwa uvimbe wa kawaida, hurefusha T1. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha jinsi ya kutengeneza picha, Peter Mansfield wa Uingereza akaendeleza hesabu na kasi yake, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Damadian aliachwa nje, akanunua kurasa nzima za magazeti kulalamika. Tunachokifanya leo ni kuzirudia namba zake baada ya miaka mingi ya kutegemea picha, safari hii tukiwa na adabu ya kuuliza namba imetoka kwenye sumaku gani, kwa mbinu gani, na inayumba kiasi gani mtu yuleyule akipimwa mara mbili. Chama cha madaktari wa radiolojia cha Amerika ya Kaskazini kilianzisha mwaka 2007 mpango mahsusi wa kusimamia adabu hiyo.

Nikupe zoezi ambalo halihitaji bajeti. Mashine hukaguliwa kwa chupa zenye vimiminika ambavyo thamani zake zinajulikana, lakini chupa hizo huuzwa ghali na thamani hubadilika na joto. Katika Dar es Salaam, ambako kiyoyozi kikigoma kwa nusu saa chumba huwa tanuri, joto ni adui wa kweli wa ukaguzi. Kwa kipimo cha mtawanyiko wa maji, kinachoitwa ADC, suluhisho ni barafu. Maji safi kwenye chupa iliyozungukwa na barafu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzi 0, Kigamboni kama Helsinki, na ADC yake ni takriban milimita za mraba 0.0011 kwa sekunde. Chombo kiwe cha plastiki kisichovuja, kisiwe na chuma chochote, na usikiingize bila ruhusa ya msimamizi. Acha chupa ipoe saa nzima, kisha ipime. Mashine ikikupa 0.0013 usilaumu barafu kabla hujahakikisha imekuwa ikiyeyuka muda wote. Ikiendelea kutoa hivyo wiki tatu mfululizo, una jambo la kumpelekea mhandisi.

Habari Daktari. Nina miaka 47 na kilo 96, sukari imeanza mwaka jana. Ultrasaundi imeonyesha ini langu lina mafuta. Rafiki yangu anayeishi nje ananiambia kuna MRI inayotoa asilimia kamili ya mafuta kwenye ini. Niko tayari kulipa. Nipige? — Msomaji, Tabata

Rafiki yako anasema kweli. Hidrojeni ya mafuta huitikia kwa mlio tofauti kidogo na wa maji, mashine huzitenganisha, na jibu huja kwa asilimia. Kuanzia 5 hivi ini huhesabiwa kuwa na mafuta. Kwa kupima mafuta kipimo hiki huishinda ultrasaundi, ambayo kwa kawaida haioni mafuta kidogo. Lakini ultrasaundi yako imeshayaona, nawe una sukari na kilo 96. Ukiambiwa asilimia 14 au asilimia 19, ushauri nitakaokupa ni uleule, na utakuwa umelipa ili kuusikia.

Swali lenye uzito kwako ni makovu. Ini hufa kwa makovu, na asilimia ya mafuta haisemi lolote juu yake. Ini lililochakaa kwa makovu linaweza hata kupunguza mafuta yake, na namba ikashuka ikakudanganya kwamba unapona. Anza na kitu cha bei ndogo. Chukua umri wako, uuzidishe kwa AST, ambayo pamoja na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Kisha gawanya kwa chembe sahani za damu zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Tuseme AST ni 38, ALT ni 49 na chembe sahani ni 240: 47 mara 38 ni 1,786, kipeuo cha pili cha 49 ni 7, na 7 mara 240 ni 1,680, jibu ni 1.06. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Likizidi 2.67 daktari atakutafutia kipimo cha ugumu wa ini haraka. Likiwa katikati, kipimo hicho kitaamua. Ugumu huo nao unaweza kupimwa kwa MRI, kwa kutikisa ini kwa mawimbi madogo kutoka nje na kuona yanavyopita, ambapo ini laini huwa chini ya kilopaskali 2.5. Hiyo ndiyo MRI ambayo ningekuruhusu ulipie, endapo hesabu ya karatasi itakuwa imetushtua na mashine ya ultrasaundi ya kupima ugumu haipatikani.

Asilimia ya mafuta ina mahali pake halali, kama vile kumkagua ndugu anayetaka kutoa sehemu ya ini lake, au kwenye majaribio ya dawa mpya. Wewe pima homa ya ini B kama hujawahi, kwa sababu hapa kwetu virusi na mafuta huweza kukaa nyumba moja. Halafu punguza kati ya kilo 7 na 10 kwa mwendo wa miezi, ambayo ni asilimia 7 hadi 10 ya uzito wako; hapo ndipo mafuta, na hata uvimbe wa ini, hupungua. Bia na chipsi mayai za saa nne usiku utazijadili na nafsi yako.

Shikamoo Daktari. Baba yetu ana miaka 71. Ripoti ya MRI ya tezi dume imeandika kuna eneo lenye "ADC 650". Kijana wa dukani ameingia mtandaoni akasema hiyo ni saratani moja kwa moja. Mzee amekataa kula. — Binti, Kariakoo

Marahaba, binti yangu. Tulizeni nyumba kwanza. Namba hiyo ni kipimo kilekile cha mtawanyiko wa maji nilichomweleza mwanafunzi wa Kigamboni, isipokuwa imeandikwa kwa sehemu za milioni, hivyo 650 ni milimita za mraba 0.00065 kwa sekunde. Wewe unakaa Kariakoo, unajua tofauti ya kutembea Mtaa wa Msimbazi alfajiri na kutembea hapo siku moja kabla ya Idi. Maji ndani ya nyama yenye seli nyingi zilizobanana hutembea kama mtu wa siku hiyo ya pili, na namba hushuka. Saratani hubananisha seli, ndiyo maana 650 inatia shaka. Lakini uvimbe wa kudumu wa tezi dume, na hata baadhi ya vinundu vya kukua kwake kwa uzee, navyo hushusha ADC. Hakuna namba moja inayokubaliwa na mashine zote kuwa hapa ni saratani na pale si saratani, na alama ya kuanzia 1 hadi 5 ambayo bila shaka imo kwenye ripoti hiyohiyo hutolewa kwa kutazama umbo, mahali na weusi wa eneo lote. Alama hiyo ina uzito kuliko 650 peke yake.

Ikiwa ni 4 au 5, mzee anahitaji kuchukuliwa kinyama, na kazi kubwa ya MRI itakuwa kumwonyesha daktari wa mfumo wa mkojo mahali pa kuelekeza sindano. Kwa hiyo mnapokwenda msibebe karatasi tu, ombeni pia picha zenyewe kwenye CD, pamoja na majibu yote ya PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, aliyowahi kupima. Na kama mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe; mwambieni daktari mapema, yeye ndiye atakayepanga lini zisimame na lini zirudi.